Dakika Tatu kwa Kila Mtu

Mimi ni karani. Naandika, sisemi.
Nimekodiwa kwa saa, masikio mawili na vidole kumi,
ukumbi wa michezo wa Shule ya Upili ya Larkin,
kusini mwa Indiana, Jumanne, matope ya Machi mlangoni,
na juu yetu goli la kikapu lililokunjwa darini
kama buibui aliyekufa chali.

Mezani, ramani. Juu ya ramani, mistari mitatu:
mwekundu, wa samawati, wa manjano.
Mhandisi husema ushoroba, hasemi shamba.
Husema athari, hasemi nyumba.
Ametega saa ya jikoni yenye umbo la yai.
Ikilia, keti.

Delmas Pruett, ng'ombe wa maziwa themanini na wanne:
mstari wa samawati umepita kati ya zizi na malisho.
"Mtanichimbia kivuko cha chini? Upana gani?
Ng'ombe wangu hawajui kusoma alama."
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
Nikaandika: *kicheko*.

Twyla Eads, dereva wa ambulensi, miaka kumi na tisa:
kutoka hapa hadi kwa daktari wa moyo
ni dakika themanini na mbili, na kona
anazozijua kama ulimi ujuavyo jino bovu.
"Nimewahi kuegesha kando, nikazima king'ora,
kwa sababu haja ilikuwa imekwisha.
Chagueni rangi yoyote. Chagueni tu."
Yai lililia. Alikuwa ameshaketi.

Lorna Stuckwisch wa mkahawa wa njia panda
anaitaka barabara, ila iwe na mchepuko mlangoni pake.
Mgeni njoo, mwenyeji apone;
mgeni akipita maili sabini kwa saa,
mwenyeji apone kwa moshi?

Na mzee mmoja, jina sikulinasa, aliuliza
ni nani hasa aliyeiomba.
Mhandisi akasema: lori la nyanya
litafika Chikago nusu saa mapema.
"Hiyo nusu saa," akasema mzee,
"mtaiweka wapi?"

Kisha binti wa mapango, Ingrid Vasbinder, buti zina udongo.
Chini ya viti hivi, asema, ni chokaa,
imetobolewa na maji tangu kabla ya majina.
Humo mna samaki wasio na macho.
"Juzi tulimwaga rangi ya kijani
kwenye shimo lililo nyuma ya zizi la Bwana Pruett.
Hatujui itatokea wapi.
Maji hayakuhudhuria mkutano wenu."

Sauti ikatoka nyuma: "Samaki kipofu anapiga kura?"
Nikaandika: *sauti, haikutambulika*.
Niliitambua. Ni ya kaka yangu Royce,
mwenye malori matatu ya kokoto
na mkopo wa manne.

Sikuandika hili:
wakati wa mapumziko niliinama juu ya ramani,
nikaufuata mstari mwekundu kwa ukucha.
Unaingilia dirisha la jikoni kwa baba,
unatokea penye jiko.
Baba alikuwa safu ya nne, kofia magotini.
Hakuandikisha jina.

Saa tano usiku nilimrudisha nyumbani.
Hatukuongea barabarani, ile ya zamani,
yenye daraja jembamba ambapo lazima mmoja asubiri.
Akafungua bomba ajaze birika.
Maji yakatoka kijani,
kijani cha ngano changa.

Aliyaacha yatiririke.
Akaja akafunga, akatafuta bilauri, akaijaza,
akaifunika kwa kisahani,
akaiweka dirishani, palepale
wino mwekundu unapoingilia.

"Kesho," akasema, "mpelekee yule binti wa mapango.
Mwambie imetokea huku.
Mwambie, na yule wa tai pia akisikia si vibaya,
kwamba hapa pana watu wanaokunywa."